Mishiri Yetu na Meza ya Ng'ambo

(Haya ni maneno tuliyotoa sisi wanakikundi wa wakulima wa mishiri mbele ya vikundi vingine vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu vile tulivyoyasema.)

 

Barua ya mwaliko ilisema tuje kuzungumza juu ya "kuongoza kilimo cha kudumu katika safari ya chakula duniani." Tuliisoma barua hiyo mara tatu. Katibu wetu akasema labda imepotea njia, kwa maana maneno kama hayo ni ya watu wa maofisini, si ya watu wa jembe. Tukacheka. Kisha mwenyekiti akaokota ganda moja la mishiri kutoka kwenye kreti, akatuuliza, "Hili litalala wapi kesho usiku?" Tukajibu, "London." Akasema, "Basi barua ni yetu."

Sisi tunatoka Kirinyaga, upande wa chini, karibu na wenzetu wa mpunga. Kwa wale waliotoka mbali, mishiri ni yale maharagwe membamba ya kijani yanayochumwa kabla mbegu ya ndani haijakomaa. Kwa Kiingereza yanaitwa maharagwe ya Kifaransa, sijui Wafaransa wenyewe wanasemaje. Nyumbani hatuyali sana. Watoto wetu wanayakataa, na hata ng'ombe huyala kwa heshima tu.

Tutasema mambo vile yalivyotupata, pamoja na yale ya aibu. Kama mlitaka hotuba ya kusifu kikundi, mmealika watu wasiofaa.

SAFARI YA GANDA MOJA

Mishiri hupandwa leo, na baada ya wiki sita au saba unaanza kuchuma. Ukishaanza huna mapumziko. Unachuma leo, unaruka siku moja au mbili, unachuma tena, kwa muda wa wiki tatu hivi. Ukichelewa siku mbili tu, ganda linanenepa, na likinenepa halina soko. Ile ya daraja la juu kabisa haizidi milimita 6 kwa unene. Inayofuata ni kati ya milimita 6 na 9. Tulikuwa na kijiti cha mwanzi tulichokikata kwa kipimo hicho, na mabinti zetu wakachagua mpaka macho yao yakawa ndiyo kijiti.

Tunachuma asubuhi kabla jua halijakali. Tunapeleka kwenye banda letu la makaa, lile lenye kuta za waya mbili na makaa katikati yanayomwagiwa maji ili ndani kuwe baridi. Jioni lori linakuja. Usiku mishiri iko Nairobi, inaoshwa, inakatwa, inafungwa kwenye vikaratasi vyenye jina la duka la huko itakakokwenda. KEPHIS wanakagua wadudu na magonjwa. Halafu ndege. Siku ya pili au ya tatu tangu ichumwe, mama fulani wa Uingereza au Uholanzi anaichukua kwenye rafu.

Sasa tazameni vizuri. Katika safari hiyo yote, sisi tunaonekana mahali pamoja tu, yaani mwanzoni, tukiwa tumeinama. Lakini kila kosa likitokea, linarudi mpaka pale tulipoinama. Kreti ina namba. Namba ni ya kikundi. Ndiyo sababu tunasema mtu anayeshika pampu ya dawa kule kwetu anashika jina la watu wengi, wengine hajawahi kuwaona.

SHERIA ZILITOKA WAPI

Wengi hudhani masharti haya yaliletwa na serikali. Si hivyo. Miaka ya 1990 huko Uingereza watu waliogopa chakula chao wenyewe. Kulikuwa na ugonjwa wa ng'ombe wenye wazimu, na sheria ya chakula ya 1990 ilitaka mwenye duka aonyeshe kwamba alichukua tahadhari ya kutosha. Wenye supamaketi za Ulaya wakaona ni heri wawe na utaratibu mmoja. Mwaka 1997 wakaanzisha EurepGAP. Mwaka 2007 ikabadilishwa jina ikawa GLOBALG.A.P., na ofisi yake kuu iko Köln, Ujerumani.

Hilo si shirika la serikali. Ni wanunuzi wamekaa pamoja wakasema: anayetaka kutuuzia afanye hivi na hivi. Hakuna polisi atakayekukamata usipofanya. Hutauza tu.

Masharti yenyewe, tukisema ukweli, mengi ni mema. Awe na choo karibu na shamba na maji ya kunawa. Dawa ifungiwe kwenye stoo, isikae chini ya kitanda pamoja na unga. Anayenyunyiza avae glavu, buti na kitambaa cha kuziba pua na mdomo. Chupa tupu zisitupwe mtoni. Hayo yote mama zetu wangeyakubali bila kulazimishwa na mtu wa Köln. Shida ilikuwa gharama. Stoo ni mabati na saruji. Choo ni shimo na mawe. Maji yapimwe, udongo upimwe, mkaguzi alipwe. Mwenye ekari mia moja anagawanya gharama hiyo kwa ekari mia moja. Mwenye robo ekari anaibeba kichwani peke yake. Hapo ndipo wakulima wadogo wengi wa Kenya walipoachwa njiani katika ile miaka ya 2000.

Sisi hatukuachwa kwa sababu moja tu. Tulikuwa kikundi. Utaratibu huo unaruhusu wakulima kupata cheti pamoja, ikiwa kikundi kina kanuni zake, na watu wake wa ndani wa kukagua kila mwanachama angalau mara moja kwa mwaka. Mkaguzi wa nje hahitaji kutembelea wote. Anachagua idadi ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata jumla ya wanachama. Tulikuwa 36, kwa hiyo aliona mashamba 6. Akikuta kosa kubwa kwa mmoja kati ya hao sita, wote 36 wanaweza kupoteza cheti.

Tulijenga stoo kwa harambee. Wanaume walichimba mchanga, akina mama wakabeba mawe, vijana wakachanganya saruji. Mwaka wa kwanza tulipita. Tukala mbuzi.

MWAKA 2013

Sasa tunafika kwenye aibu.

Kwa miaka mingi wakulima wa mishiri walitumia dawa iitwayo dimethoeti kuua inzi wa maharagwe na thiripsi, vile vidudu vidogo vinavyokwaruza maua na kuacha ganda limepinda na lina makovu. Ilikuwa bei nafuu, ilipatikana kila duka la agroveti, na ilifanya kazi. Halafu Ulaya wakashusha kiwango cha mabaki yake kinachokubaliwa kwenye maharagwe mpaka miligramu 0.02 kwa kilo moja. Ndugu zetu, hebu tupige hesabu pamoja. Chukua malori matano, kila moja limebeba tani kumi za mishiri. Gramu moja tu ya dawa ikitapakaa ndani ya malori hayo yote matano, umefika kwenye mpaka. Hicho ndicho kilichokuwa kiwango. Si kiwango cha mtu kulewa dawa. Ni kiwango cha karibu kutokuwako kabisa.

Mizigo ya Kenya ikaanza kukamatwa. Kuanzia Januari 2013 Umoja wa Ulaya ukaamuru kwamba kati ya kila mizigo 100 ya maharagwe na njegere za maganda kutoka Kenya, 10 ifunguliwe na kupimwa. Hapa nyumbani dawa hiyo ikazuiwa kwa mboga na matunda. Ulaya wenyewe waliipiga marufuku kabisa mwaka 2019.

Sisi tulikuwa tumeambiwa. Tusiseme hatukuambiwa. Barua ilikuja mwisho wa 2012, ya Kiingereza, kurasa mbili. Ilisomwa mwishoni mwa mkutano, watu wameshasimama, wengine wanafikiria maziwa ya jioni. Ilisomwa kwa dakika tano. Katibu akaiweka kwenye faili, na sote tukaona kazi imekwisha.

Mwezi wa pili 2013 simu ikalia. Afisa wa mashambani wa kampuni tuliyokuwa tukiuzia akasema sampuli kutoka kreti zenye namba yetu imepatikana na dimethoeti. Kuanzia jioni hiyo lori halitafika mpaka mambo yachunguzwe.

Mishiri haijui uchunguzi. Iliendelea kukua. Siku ya tatu ilikuwa nene kama kidole. Tukachuma tukawapa ng'ombe, tukachuma tena tukawapa ng'ombe, mpaka wiki ya pili tukaacha kuchuma. Mbegu na mbolea tulikuwa tumepewa kwa mkopo, kukatwa kwenye malipo. Malipo hayakuwapo, deni lilibaki. Mwezi huo watoto kadhaa wa wanachama walirudishwa nyumbani kutoka shule ya upili kwa ajili ya karo, na kila jioni walikuwa wanatuangalia tu.

Tukaitisha mkutano chini ya mwarobaini. Kila mtu alitaka kujua ni nani. Tukasema, kitabu kipo. Ndiyo maana kitabu huandikwa: tarehe, shamba la nani, dawa gani, kipimo gani, nani amenyunyiza, siku ngapi za kusubiri kabla ya kuchuma. Tukafungua kitabu.

Kurasa za miezi miwili zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu moja, mkono mmoja, na hata wino haukubadilika rangi. Kila shamba lilikuwa safi. Kila mtu alikuwa amesubiri siku zinazotakiwa. Hakukuwa na mahali popote pameandikwa dimethoeti. Katibu wetu alisimama akasema ukweli: aliandika yote kwa usiku mmoja, kabla ya mkaguzi wa ndani kupita, kwa sababu wanachama hawakuleta habari zao kwa wakati. Na mkaguzi wa ndani, ambaye ni mmoja wetu tunaosimama hapa, alitia sahihi bila kutembea mashambani. Kulikuwa na mvua, akasema. Ni kweli kulikuwa na mvua.

Basi kitabu kilikuwa kizuri mbele ya mgeni, lakini sisi wenyewe hakikutufaa kitu.

Na hapo, badala ya kunyamaza, tukatafuta wa kubeba. Kulikuwa na mama mmoja mjane, shamba lake liko kando ya barabara, na mtu alikuwa ameona chupa isiyo na karatasi karibu na ua wake. Mama alisema chupa ile ni ya dawa ya kupe, ya mbuzi wake. Hatukumsikiliza. Tukapiga kura kwa kuinua mikono. Tukamtoa kwenye kikundi, na hisa zake tukazizuia kulipia deni.

Baadaye mmoja wetu alikwenda kwenye duka lile la agroveti sokoni, akauliza pole pole. Mwenye duka akamwambia kwamba wanachama wetu, si mmoja wala wawili, walikuwa wakinunua dimethoeti mpaka Januari ile, wengine ikipimwa kutoka chupa kubwa na kutiwa kwenye chupa za soda. Majina hakutoa. Mpaka leo hatujui ni dawa ya nani iliyofika kwenye ile sampuli. Huenda ni ya mmoja. Huenda ni ya kumi. Lakini tulijua sote pale chini ya mti kwamba mikono mingine iliyoinuliwa ilikuwa imeshika pampu.

YALE TULIYOBADILISHA

Tulikaa zaidi ya mwaka bila kuuza nje. Wanachama 11 wakaondoka, wengine wakaenda kwenye nyanya, wengine kwa mabroka wanaolipa hapo hapo shambani bila kuuliza lolote. Hatuwalaumu. Tulibaki 25.

Jambo la kwanza, si kila mtu anashika pampu. Tulichagua wanyunyizaji wanne, vijana wawili na akina mama wawili, wakafundishwa, wakapewa nguo za kazi. Mwenye shamba akiona wadudu anawaita. Wanakuja kuangalia kwanza, kwa maana mara nyingi si wadudu, ni kiu au kutu ya majani. Wanalipwa kidogo kwa kila pampu. Mwanzoni wazee walinung'unika, wakisema mtu mzima hawezi kuomba ruhusa kunyunyiza shamba lake. Mwaka wa pili walipoona gharama ya dawa imeshuka, manung'uniko yalipungua. Hayakuisha.

Stoo ina kufuli mbili na funguo ziko kwa watu wawili wasio wa nyumba moja. Dawa inanunuliwa na kikundi, ikiwa na karatasi yake, na risiti inabandikwa kitabuni.

Kitabu sasa hakikai kwa katibu. Kinatembea. Mnyunyizaji anaandika akiwa shambani, mwenye shamba anatia sahihi au kidole hapo hapo, na siku ya kuruhusiwa kuchuma inaandikwa pia kwa chaki kwenye ubao wa banda. Kama ubao unasema shamba la fulani ni Alhamisi, na yeye amekuja na kreti Jumanne, karani hapokei, hata awe mwenyekiti. Limetokea, na alikuwa mwenyekiti. Alirudi na kreti zake amenuna, tukamwacha anune.

Barua yoyote ikija kwa Kiingereza, inasomwa mwanzoni mwa mkutano, inaelezwa kwa Kiswahili na kwa lugha yetu, na mtu mmoja aliyekaa nyuma anaulizwa arudie alichosikia.

Upande wa wadudu, tumepunguza pampu kwa kutundika karatasi za buluu zenye gundi kwa ajili ya thiripsi na za njano kwa nzi weupe. Hazimalizi wadudu. Zinakuonyesha ni wangapi, ili usinyunyize kwa hofu tu. Hatupandi mishiri juu ya mishiri, tunabadilisha na mahindi. Na mabaki ya mavuno tunayatoa upesi, kwa sababu ndiko wadudu wa msimu unaofuata wanakozaliwa.

Juu ya maji tutasema kidogo tu, maana hilo bado linatushinda. Mfereji wetu unatoka mto ule ule wanaotumia wenzetu wa chini. Mwezi wa Januari na Februari wakati Ulaya inataka mishiri zaidi, ndipo mto unapokuwa mdogo. Tumekubaliana zamu za usiku, lakini kila mwaka kuna mtu anafungua mfereji saa nane za usiku, na kila mwaka tunaitwa kwa chifu.

NANI ANAYEONGOZA

Watu wa ng'ambo huandika ripoti nzuri zenye picha, wanasema wao wanaongoza katika kutunza dunia. Hatukatai. Lakini tuliwahi kujiuliza: kama duka linataka ganda la urefu mmoja ili liingie sawasawa kwenye kikaratasi, ile sehemu inayokatwa ni ya nani? Ni yetu. Tumeilima, tumeinyweshea, tumeibeba. Inakatwa kichwa na mkia Nairobi na kuwa chakula cha ng'ombe, na sisi tunalipwa kile kinachobaki. Februari 2013, mwezi ule ule wa aibu yetu, mawaziri waliokutana kwenye makao ya UNEP pale Nairobi waliandaliwa chakula kilichopikwa kwa mboga za Kenya zilizokataliwa kwa sababu ya sura tu. Walikula wakasifu. Baadaye duka moja kubwa la Uingereza likakubali mishiri ikatwe upande mmoja badala ya pande mbili. Mabadiliko madogo hivyo, mtu akae ofisini aseme "kateni upande mmoja," na mashamba mengi ya Kenya yanaongeza mavuno bila tone la maji zaidi. Huo ni uongozi pia, na haukuhitaji sisi tujenge stoo nyingine.

Kuna na jambo la ndege. Mwaka 2007 maduka fulani ya Uingereza, Tesco na Marks & Spencer, yalianza kubandika picha ya ndege kwenye vyakula vilivyosafirishwa kwa ndege, ili mnunuzi ajue vinachafua hewa. Huku kwetu watu walishtuka, wakaona soko linafungwa. Mwaka huo huo chuo cha Cranfield kilipima maua ya waridi. Waridi 12,000 kutoka Kenya, pamoja na ndege, yalitoa hewa ya kaboni kilo 6,000 hivi. Waridi kama hayo ya Uholanzi yaliyokuzwa kwenye nyumba za vioo zenye joto la moto yalitoa kilo 35,000. Wengi wetu tulishangilia. Lakini tuwe waangalifu. Kipimo kile kiliagizwa na kampuni inayouza maua ya Kenya, na mishiri si waridi. Mishiri inaweza kulimwa Uingereza wakati wao wa joto bila moto wowote. Ndege inachafua, huo ni ukweli. Wakulima wa avokado wanaweza kutumia meli kutoka Mombasa, ingawa kuanzia mwisho wa 2023 meli nyingi zililazimika kuzunguka Afrika Kusini kwa sababu ya vita vya Bahari ya Shamu, na siku zikaongezeka. Mishiri haiwezi kungoja mwezi mzima. Ndiyo sababu vijana wetu sasa wana miche ya avokado kwenye mipaka ya mashamba. Hatujaacha mishiri. Tunaangalia pande mbili.

MKATABA USOMWE

Hili tunalisema kwa wale walio karibu kuanza, maana ndilo lililotugharimu baada ya dawa.

Ulizeni cheti kitaandikwa kwa jina la nani. Cheti chetu cha kwanza kilikuwa cha kampuni. Sisi ndio tuliojenga stoo, lakini karatasi ilikuwa yao, kwa sababu wao walilipa mkaguzi. Tulipokosana nao hatukuweza kumwonyesha mnunuzi mwingine kitu chochote. Ilikuwa kama mtu aliyejenga nyumba kwenye kiwanja cha mwenyewe. Mara ya pili tulichanga polepole, tukalipa nusu, cheti kikaandikwa kwa jina la kikundi. Kenya pia ina kanuni zake sasa, KS 1758, na sehemu yake ya pili ya mwaka 2016 inahusu matunda na mboga. Someni hiyo mapema, ukaguzi wowote hautawashtua.

Ulizeni mishiri ikikataliwa mtajuaje. Zamani tuliambiwa kwa simu tu, "kilo themanini zimekataliwa." Sasa mkataba wetu unasema karatasi ya sababu ije ndani ya siku mbili, na mjumbe wetu ana ruhusa ya kwenda Nairobi kuona. Amekwenda mara mbili. Tangu aende, kilo zinazokataliwa zimepungua, nasi hatukubadilisha chochote shambani. Mtajaza wenyewe.

Na ulizeni malipo yatakuja siku gani. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2019 inayosema mnunuzi mkubwa wa chakula kinachoharibika alipe ndani ya siku 30, na asifute oda siku zikiwa zimebaki chini ya 30. Sheria hiyo inamlinda hata muuzaji aliye nje ya Ulaya. Uingereza nao tangu 2013 wana mwamuzi wa kuangalia supamaketi kubwa zinavyowatendea wanaoziuzia moja kwa moja. Sheria hizo zinamfikia yule anayeuza ng'ambo, hazifiki mpaka kwenye mfereji wetu. Lakini anayekuambia "nitakulipa baada ya miezi mitatu kwa sababu Wazungu hawajanilipa," sasa una swali la kumwuliza. Ufaransa ilipitisha sheria 2017, Ujerumani yao ikaanza kazi 2023, zikitaka kampuni kubwa ziangalie jinsi watu wanavyotendewa katika mnyororo wao. Umoja wa Ulaya ukapitisha ya kwake 2024, halafu 2025 wakaanza kuipunguza makali. Msizitegemee kama mvua. Zijueni tu.

YULE MAMA

Mtu mmoja hapa mbele ameuliza kwa ishara, yule mama je?

Mwaka 2015 tulikwenda nyumbani kwake, watu saba, pamoja na hisa zake zote tulizozizuia, na mbuzi mmoja. Alitupa chai. Alipokea pesa, akazihesabu mara mbili mbele yetu, akamrudisha mbuzi. Akasema mbuzi anao, tena ndio waliomletea shida. Tukamwomba arudi kikundini. Akasema atafikiri.

Hajarudi. Analima ndizi na anauza sokoni Kutus, na kwa kweli msimu mwingine anapata kuliko sisi. Lakini binti yake ni mmoja wa wale wanyunyizaji wanne. Yeye ndiye anayebeba kitabu siku za Jumatatu na Ijumaa, na tumeambiwa kwamba jioni akifika nyumbani, mama huomba akione, anavaa miwani, anasoma kurasa za wiki hiyo, kisha anamrudishia bila kusema neno.

Kitabu chenyewe tumekuja nacho, kile cha sasa na kile cha 2013. Viko pale mezani karibu na birika. Wakati wa chai mvifungue, mlinganishe wino.